Nani Atamzika Mgeni?

SOMO LA MWEZI: Vyama vya watu wachache na faida yake kwa mji mzima



Mnakumbuka kwamba katika mkutano wetu uliopita baada ya ibada lilitolewa shauri moja zito. Ndugu mmoja alisimama akasema kwamba vile vyama vidogo vidogo vya kufa na kuzikana, vya watu wa asili moja, vimekwisha wakati wake. Alisema vinatugawa, afadhali vyote vivunjwe, na kila Mkristo aingie katika mfuko mmoja wa Parishi. Watu wengi walipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Lakini nilipofika nyumbani usingizi haukuja upesi. Nilikumbuka jambo nililolifanya miaka mingi iliyopita kwa kalamu yangu mwenyewe, nikaona kwamba nimepiga makofi kabla ya kufikiri. Basi nimemwomba Mhariri nafasi ya somo la mwezi huu, ili tuliangalie jambo hili polepole kabla Halmashauri ya Parishi haijaamua. Someni pamoja nyumbani, halafu tujadiliane kwa maswali yaliyo mwishoni.

1. Mji uliojengwa na wageni

Hebu tuanze na mji wetu. Burton na Speke walipofika Kaze mnamo Novemba 1857 walikuta makao ya wafanyabiashara Waarabu kutoka Omani na Unguja, katikati ya nchi ya Unyanyembe iliyokuwa na mtemi wake. Hapa ndipo njia za misafara zilipokutana. Moja ilitoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo. Nyingine ilikwenda magharibi hadi Ujiji. Nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilishuka pwani, nguo na shanga zilipanda bara, na watu, wengine huru na wengine wakiwa watumwa, walipita pande zote.

Wengi wa waliopita hawakurudi walikotoka. Wamanyema ni mfano mzuri. Jina hili halikuwa la kabila moja. Lilikusanya watu wa makabila mbalimbali kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo sasa ni mashariki ya Kongo. Wengine walikuja wakiwa wapagazi, wengine askari, wengine waliletwa kwa nguvu wakiwa watumwa. Huko kwao waliitana kwa majina yao tofauti. Walipofika Ujiji na Tabora wakawa Wamanyema, kwa sababu mgeni hahitaji sana kujua mipaka ya kwao, bali huhitaji mtu wa kumshika mkono.

Tena tusisahau kwamba hata jina la Wanyamwezi lilitoka kwa watu wa pwani, waliowaona wakija kutoka magharibi, upande unaoandama mwezi. Basi katika mji huu, karibu kila mmoja wetu ana babu aliyekuwa mgeni mahali fulani.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi ya upagazi ilikwisha, lakini wageni hawakukoma. Baba yangu mzazi alikuwa Mha wa Kasulu. Yeye na vijana wenzake walipanda gari moshi Kigoma wakiwa manamba, kwenda kukata mkonge. Homa ilimkamata njiani, akateremshwa hapa stesheni akiwa hajiwezi. Hakuwa na ndugu wala senti. Waha waliokuwa wakifanya kazi relini walikuwa na umoja wao mdogo. Wakaja wakambeba, wakamlaza chumbani kwa mmoja wao, wakampikia uji kwa zamu, na alipopona wakamsemea kwa nyapara apate kibarua. Mkongeni hakufika mpaka alipokufa. Mimi nimezaliwa Tabora kwa sababu ya umoja ule mdogo.

2. Desturi ya njiani

Msafara ulikuwa na shida moja isiyokwepeka: mtu akifa mbali na kwao, nani atamzika? Ndugu zake wako mwendo wa miezi. Wazee wetu walikuwa na jibu lao, nalo ni utani. Wanyamwezi wakawa watani wa Wazaramo, wa Waluguru, na wa makabila mengine ya kandokando ya njia ile. Sisi leo tunaujua utani kwa mizaha yake tu. Lakini mtani alikuwa na haki na wajibu. Msibani alifika akatania, akachukua anachokitaka, na pia akashika kazi ambazo wafiwa hawakuziweza kwa huzuni. Mgeni aliyefika kwa mtani wake hakuwa mgeni tena.

Wote tunaijua habari ya Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone. Yeye alipokufa mwezi wa Mei 1873, mbali sana kusini, Susi na Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba. Walipita hapa kwetu, wakaufikisha Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Watu hao hawakuwa wa kabila moja, wala marehemu hakuwa wa kabila la yeyote kati yao. Ilikuwa ni desturi ya msafara: mwenzetu wa safari hatupwi.

3. Kutoka njiani hadi mjini

Miji ilipokua, desturi hiyo ilivaa nguo mpya, ikawa chama. Mwishoni mwa karne ya 19 ilianza pwani ngoma ya beni, yenye baragumu, gwaride na vyeo vya kijeshi, na vyama vyake viwili vilivyokuwa mashuhuri ni Marini na Arinoti. Vilienea hadi bara, na Tabora ikiwamo. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni, alionyesha kwamba nyuma ya zile ngoma na mashindano palikuwa na kazi ya kusaidiana: mwanachama akiugua aliangaliwa, akifa alizikwa kwa heshima.

Vivyo hivyo mtafiti Sheryl McCurdy ameandika juu ya wanawake wa Kimanyema wa Ujiji na Kigoma. Vyama vyao viliwasaidia katika maradhi na katika mashaka ya uzazi. Kwa mwanamke aliyetengwa na mama yake na shangazi zake na utumwa au safari, chama kilikuwa ndiyo ukoo wake. Kumbukeni kwamba katika nchi yetu utumwa haukufutwa kabisa kwa sheria mpaka mwaka 1922. Wako wazee waliokufa katika maisha yangu ambao mama zao walizaliwa utumwani.

Wala jambo hili halikuwa la watu wa Kongo tu. Wanyamwezi, ambao hapa ndio wenyeji, walipokwenda Dar es Salaam walikuwa ndio wachache. Atembeaye Kariakoo atauona Mtaa wa Nyamwezi, na pia atauona Msikiti wa Manyema. Wakati wa utawala wa Waingereza palikuwa na vyama vingi vya makabila katika jiji lile, cha Wanyamwezi kikiwamo. Kazi zao kubwa zilikuwa kuzika waliokufa, na kumsaidia aliyekwama apate kurudi kwao. Kwa hiyo anayedharau umoja wa wageni mjini kwake afikiri kidogo juu ya mwanawe aliye mgeni katika mji wa wengine.

4. Mstari mwekundu

Sasa nawaeleza lile jambo langu. Mwaka 1994 nilikuwa katibu wa chama cha kuzikana cha mtaa tuliokuwa tukiishi. Chama kilikuwa kikubwa na chema, cha watu wa makabila yote na dini zote. Tulikuwa na turubai, masufuria, majembe, na daftari lililopigwa mistari vizuri, maana mwandishi wake alikuwa mwalimu. Katiba ilisema kwamba asiyelipa ada miezi sita jina lake hukatwa.

Mtaani palikuwa na bibi mmoja wa Kimanyema aliyeuza karanga mbele ya nyumba. Akaacha kuonekana, na ada yake ikaacha kuja. Mwezi wa saba nilichukua rula na kalamu nyekundu nikampigia mstari. Sikufika nyumbani kwake, nayo ilikuwa nyumba ya nne kutoka kwangu.

Bibi yule alikufa wakati wa masika. Asubuhi nilisikia kilio nikatoka, nikakuta wanawake kama ishirini, wamefunga kanga, wamekwisha leta sanda, maji yako motoni. Walikuwa chama kidogo cha wanawake wa Kimanyema, wengi wao maskini kama marehemu. Ndipo nilipoambiwa kwamba kwa muda wa miezi minane walikuwa wakija kwa zamu kumwosha na kumlisha, kwa sababu alikuwa amepooza upande mmoja. Ndiyo maana hakulipa ada. Hakuwa na mkono wa kumenyea karanga.

Mkubwa wao alinifuata. Nikaanza kumweleza habari za katiba na miezi sita. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Mwalimu, hatukuja kusomewa daftari. Tumekuja kuomba vijana wa kuchimba kaburi."

Nilikwenda nikawaamsha vijana. Tulitoa majembe, tukatoa na turubai. Tulimzika siku hiyo hiyo kama ilivyo desturi ya dini yake. Usiku nilifungua daftari nikautazama ule mstari mwekundu, nikaona aibu ambayo mpaka leo haijaisha.

Chuoni tulifundishwa kwamba daftari la mahudhurio humwambia mwalimu nani hayupo, lakini halimwambii kwa nini hayupo. Mimi niliyafundisha hayo kwa walimu wapya, nami mwenyewe niliyasahau mtaani kwangu.

Tazameni vyama vile viwili. Kile kikubwa kilikuwa na jina la bibi. Kile kidogo kilimjua bibi mwenyewe. Lakini pia kile kidogo, pamoja na upendo wake wote, hakikuwa na vijana wa kuchimba wala turubai la kuzuia mvua. Kila kimoja kilikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho.

5. Kosa la upande wa pili

Msidhani kwamba nasifu kila kilicho kidogo. Umoja wa watu wachache nao una ugonjwa wake, na ni lazima tuutaje.

Nimepata kuona chama kimoja cha watu wa asili yetu kikikataa kumsaidia binti aliyefiwa na mtoto, kwa kuwa aliolewa na mtu wa kabila jingine bila ya wazee kupenda. Walisema, "Amekwisha toka kwetu." Ndugu za mumewe nao walisema bado hajawa wao. Binti yule alisimama katikati ya nyua mbili, na kila lango limefungwa. Mwishoni majirani ndio waliochanga.

Hicho ndicho kilichowaogopesha viongozi wetu baada ya Uhuru. Waliona katika nchi nyingine jinsi vyama vya makabila vilivyogeuka kuwa ngazi za kupandia vyeo na silaha za kugombea mali. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora na akafundisha katika shule ya St. Mary's baada ya mwaka 1945, alikuwa wa kabila dogo la Wazanaki, naye alipiga vita ukabila maisha yake yote. Faida yake tunaiona: tunasema lugha moja, tunaoana, hatuulizani kabila sokoni. Ndugu yule aliyesimama mkutanoni kwetu alikuwa na hofu ya haki.

Basi tofauti iko wapi? Naona iko mlangoni. Chama cha asili moja ni chema kikiwa na mlango, ambao mgeni aliyefika jana huingilia mjini. Ni kibaya kikiwa ua, ambao waliomo hawatoki na walio nje hawaingii. Wanawake wale wa Kimanyema walitoka wakaja kuomba vijana wetu. Na tangu siku ile, msiba ukitokea mtaani, walikuja kupika, hata kwa sisi Wakristo. Hawakuacha umoja wao. Waliufungua.

6. Jirani zetu wa Ulyankulu

Mfano mkubwa zaidi uko karibu nasi. Mwaka 1972 watu wengi waliikimbia Burundi kwa sababu ya mauaji. Serikali yetu iliwapokea ikawapa ardhi. Katika mkoa huu wa Tabora walipelekwa Ulyankulu, na wengine Katumba na baadaye Mishamo, katika nchi ambayo sasa ni mkoa wa Katavi. Nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka maneno waliyosema watu wazima: kwamba hawa watatumaliza.

Hawakutumaliza. Walifyeka pori la miombo, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku. Mashirika makubwa ya msaada yaliwapa mbegu na dawa mwanzoni. Lakini kuna mambo ambayo shirika kubwa haliwezi kuyafanya: kumjua mjane asiyelala usiku, kumwonya kijana aanzaye kunywa, kumtafutia yatima mtu wa kumwita shangazi. Hayo waliyafanya wenyewe, katika makanisa yao, vikundi vya kulimiana na kwaya zao. Wengi wetu tumesikia nyimbo za Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu. Jina lenyewe ni la barabara ya makazi ya wakimbizi, nayo imewafikia watu ambao hawajawahi kuiona Ulyankulu. Waliimba kwa Kiswahili. Umoja wao ulikuwa na mlango.

Mwaka 2014 Serikali ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia, na waliokubaliwa walikuwa zaidi ya 160,000. Wengi wao walizaliwa hapa hapa. Lakini, ndugu zangu, cheti hakimpi mtu jirani. Katika Parishi yetu wamo waliotoka huko. Wanapokusanyika kuzikana au kusaidiana ada za shule, wengine wetu husema, "Mbona bado wanajitenga?" Tujiulize kwanza kama sisi tumewahi kukaa kwenye mkeka wao.

7. Neno la Maandiko

Someni Matendo ya Mitume, sura ya 6, mistari ya 1 hadi 7. Katika kanisa la kwanza Wayahudi wa Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mfuko ulikuwa mmoja, na nia ilikuwa njema. Hata hivyo wajane wa wachache walisahauliwa. Mitume hawakuwaambia wanung'unikaji kwamba wanaleta ukabila. Walikiita kanisa zima, na wakachaguliwa watu saba kuishika kazi hiyo. Tazameni majina yao: ni ya Kiyunani. Tena mmoja, Nikolao wa Antiokia, hakuwa hata Myahudi wa kuzaliwa. Kanisa liliwaweka wenye kuijua shida ya wale wachache wakae penye mfuko, na wawagawie wote.

8. Shauri langu

Kwa hayo naomba, kwa unyenyekevu, kuyarudisha yale makofi yangu. Tusiwe na haraka ya kuvivunja vyama vidogo, wala tusiviache vijifungie. Mfuko wa Parishi na uwepo, na kila mmoja wetu achangie. Lakini kila chama kidogo kilete mtu mmoja akae katika kamati ya mfuko, na kazi yake ya kwanza isiwe kuleta fedha. Iwe kuleta habari: nani haonekani, nani amelala, nani amefika juzi na hana mtu. Tena lisikatwe jina lolote kabla watu wawili hawajafika nyumbani kwa mwenye jina. Kwa upande wao, vyama vidogo vikubali jambo moja: msiba ukitokea kwa jirani asiye wao, wafike.

Kidogo kimjue mtu, kikubwa kimbebe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika misafara, na hivyo ndivyo bibi yule alivyofika kaburini kwa heshima.

MASWALI YA KUJADILIANA

(1) Babu au bibi yako alikuja Tabora kutoka wapi, na nani alimpokea?

(2) Taja chama kimoja cha watu wachache unachokijua. Je, kina mlango au kina ua? Eleza sababu zako.

(3) Katika nyumba kumi zilizo karibu nawe, ni ipi ambayo hujaingia mwaka huu? Kwa nini?

(4) Ikiwa binti aliyeolewa nje ya kabila angefiwa leo katika Parishi yetu, nani angekwenda kwanza? Je, jibu hilo linatupendeza?

(5) Halmashauri ifanye nini juu ya shauri lililotolewa? Andikeni mawazo ya kikundi chenu mkampe Katibu kabla ya mkutano ujao.

Ndugu msomaji, jibu la swali la tatu usiliandike. Nenda.

Mwalimu mstaafu, Tabora